Chupa ya Chai na Sanduku la Barafu

Wifi yangu hakubali jambo kwa sababu tu limesemwa na mkubwa. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nampamba. Kuishi naye nyumba moja ni kazi. Ukimwambia mboga imezidi chumvi, atakuuliza imezidi kuliko ipi. Ukimwambia mvua inakuja, atakwenda dirishani kuchungulia kwanza. Kaka yangu, fundi wa kuchomelea vyuma na ndiye aliyemwoa, alishanyoosha mikono zamani. Akitaka amani anashusha ile ngao yake ya kuchomelea usoni na kujifanya hasikii. Mimi sina ngao, kwa hiyo tunagombana, na tukimaliza kugombana tunakunywa chai.

Alikuwa mwalimu wa baiolojia, sekondari. Akiwa mtu mzima, watoto wake wawili wanasoma, akaamua kurudi chuo kikuu kutafuta shahada ya pili. Mtaani walicheka sana. Wapo waliosema anakimbia jiko, wapo waliosema anamkimbia kaka. Mama yetu, ambaye ndiye mkwe wake, aliwasikiliza wote, halafu akasema, "Mwacheni asome, wajukuu zangu nitawaangalia mwenyewe." Mama akishasema hivyo, hakuna kikao kingine.

Sasa sikilizeni alichokwenda kukisomea. Nje ya mji wetu kuna mashamba ya chumvi, mabwawa mapana ya kina cha goti, ambamo maji ya chumvi huachwa juani mpaka yakauke. Kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyozidi kuwa makali na ya moto, na yakikaribia kuganda yanageuka mekundu. Wavuna chumvi wamezoea. Kwao wekundu ni dalili ya kuandaa reki na makoleo. Mimi napita pale kila wiki na pikapu yangu kupeleka kreti za soda kantini, na miaka yote hiyo nilidhani ni udongo. Wifi ndiye aliyeniambia kwamba ule wekundu una uhai.

"Ni vijidudu," aliniambia. "Wadogo mno, na wengi mno. Maji yale wewe yangekumaliza. Wao ndiyo kwao."

"Na ukiwatia kwenye maji safi?"

"Wanapasuka."

"Yaani wanakufa kwa maji safi? Wifi, hao ni ndugu zako kabisa."

Hakucheka. Alisema nikifika bwawani tena niinamishe kichwa kwa heshima.

Mama naye hakuelewa mara moja. Siku moja jikoni, wifi akimenya viazi, mama alimuuliza ni kitu gani hasa kinachosomwa kwa mdudu asiye na mkono wala mguu.

"Nataka kujua wakibanwa wanafanyaje, mama."

"Wakibanwa na nini?"

"Jua likizidi, chumvi ikizidi, maji yakipungua. Hawawezi kukimbia, hawana pa kwenda. Inabidi wajibadilishe humo humo ndani." Akaweka kisu chini. "Mama, ule mwaka baba alipougua, uliendeshaje nyumba hii?"

"Nilifunga mkanda. Nilifanya cha lazima. Mapazia niliyokuwa nashona niliyaweka kando, hela na nguvu zikaenda kwenye paa lililokuwa linavuja."

"Ndivyo wanavyofanya. Kila mmoja ana jeni zake, na kila jeni ni maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini. Hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Wakibanwa, wanazima za mapazia, wanawasha za kuziba paa. Mimi natafuta ni zipi zinazimwa na zipi zinawashwa."

"Kumbe wana akili kuliko huyu," mama akasema, akimnyooshea kidole kaka, ambaye mwaka ule ule wa shida alinunua redio.

Kaka akajitetea kwamba redio nayo ilikuwa ya lazima.

Maabara yao nilikuja kuijua vizuri, kwa sababu chuo hakikuwa na gari la kuwapeleka mabwawani na mimi nilikuwa naelekea huko huko. Ni chumba kirefu ghorofa ya pili, friji zinanguruma ukutani, spiriti inanukia, na makoti meupe yametundikwa kwenye misumari yakiwa na madoa yasiyotoka. Mlangoni kulikuwa na tangazo lililoandikwa kwa kalamu nene: BILA BARAFU USIINGIZE SAMPULI HUMU. Aliyeliandika ni Profesa, msimamizi wa wifi.

Profesa si mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya, ingenirahisishia, lakini sikuweza kumsingizia. Ni mzee mrefu, anamsalimia mlinzi kwa uchangamfu ule ule anaomsalimia mkuu wa chuo, na amewafundisha watu wengi. Tangazo lile lilikuwa na sababu yake. Zamani mwanafunzi mmoja alileta maji yaliyochacha njiani kwa joto, na kazi ya muhula mzima ikaenda na maji. Tangu hapo kila kitu kilisafiri kwenye sanduku la barafu, kama watu wanavyosafirisha damu au samaki, na hakuna aliyeuliza tena.

Kilichompa Profesa jina ni jeni moja. Alikuwa ameandika, na watu wa mbali wakamnukuu, kwamba chumvi ikizidi vijidudu wale huiwasha jeni hiyo kuliko zote, na kwamba hiyo ndiyo inayowavusha. Nyumbani kwetu tuliiita jeni ya Profesa. Kazi ya wifi ilikuwa kuifuatilia tu, msimu kwa msimu, na kuongeza kidogo juu ya kilichokwisha kujulikana. Ilikuwa kazi ya kumaliza salama na kuvaa joho.

Halafu siku moja umeme ukakatika mji mzima, na pale tunaponunua barafu pakafungwa. Sisi tulishafika bwawani ndipo tukajua kwamba sanduku litabaki tupu, maana mtu wa chuo aliyetakiwa kutuletea barafu huko alipiga simu kuomba radhi. Nikamwambia wifi tugeuze gari. Yeye alikuwa anaitazama chupa yangu ya chai.

Niseme vizuri, chupa haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama, chupa ndefu ya chuma aliyozawadiwa na wenzake siku aliyostaafu kazi ya udobi hospitalini, na inashika joto kutwa nzima. Mimi nilikuwa naiazima bila kuaga.

"Wifi, malizia hiyo chai."

"Bado ya moto."

"Ndiyo sababu naitaka. Imalize au uimwage."

"Chai yenyewe nimeiweka tangawizi!"

Aliimwaga mwenyewe. Aliisuuza chupa kwa maji ya bwawa, akarudia mpaka nikachoka kumwangalia, akaijaza maji mekundu na kuacha nafasi ya hewa juu. Nikamuuliza faida yake nini wakati sheria inataka baridi.

"Nikishindwa kuwapoza," akasema, "basi angalau wasijue kama wamehama."

Maneno yale nayakumbuka kwa sababu niliyacheka njia nzima.

Wale vijidudu walipopimwa, jeni ya Profesa ilikuwa kimya. Siyo kwamba ilipungua kidogo. Ilikuwa kimya kabisa, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Zilizokuwa zimewaka ni nyingine, ambazo hakuna aliyewahi kuzishughulikia. Wifi alimpelekea Profesa majibu akidhani yatamfurahisha. Profesa aliuliza jambo moja tu, kama kulikuwa na barafu, na alipoambiwa hapakuwa nayo akasema, "Sampuli imeharibika. Tupa."

Mtu mwingine angetupa. Huyu wangu alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa mezani na kutuambia wote kwamba kitu kilichooza hakichagui. Kama maji yaliharibika, kila kitu ndani yake kilipaswa kuvurugika. Mbona jeni za kawaida za kuishi zilikuwa zimetulia, na ni ile moja tu iliyonyamaza?

"Labda imeona aibu," kaka akasema.

"Mume wangu, rudisha ngao."

Hapo ndipo wazo lilipomwingia. Alinieleza garini, akichora kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. Jeni ikiwashwa hutoa nakala, na wao wanachopima ni zile nakala. Lakini nakala hazidumu. Kijidudu akihamishwa kutoka hali moja kwenda nyingine, kwa dakika chache tu anafuta za zamani na kutoa mpya. Sasa wale walizoea bwawa ambalo ukitia mguu unauchomoa haraka kwa joto. Unawachota, unawatumbukiza kwenye barafu, unaendesha nao mpaka mjini. Wakifika maabara wameshasahau habari za chumvi. Wanapiga kelele za baridi.

"Kwa hiyo jeni ya Profesa..."

"Nadhani ni jeni ya barafu, wifi."

Nilisimamisha gari pembeni. Sikusoma mambo hayo, lakini najua maana ya kumwambia mzee kwamba kitu alichokishika maisha yake yote si kile anachodhani. Nikamwambia anyamaze, amalize masomo, akishapata shahada ndipo aseme. Aliniangalia kama nimemtukana.

Alichofanya ni hiki. Kila tulipokwenda bwawani alichota ndoo moja na kuigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza alilitia dawa pale pale ukingoni, dawa inayowasimamisha vijidudu papo hapo, wabaki na nakala zile zile walizokuwa nazo bwawani. La pili aliliweka kwenye sanduku la barafu kama sheria inavyotaka. La tatu likaingia kwenye chupa ya chai. Mafungu yote yakapanda gari langu, yakapita mashimo yale yale, na tulipofika maabara ndipo yale mawili ya mwisho nayo yakatiwa dawa. Msimu wote tulifanya hivyo. Lile la ukingoni na lile la chupa yakawa yanafanana kila mara. La barafu likawa linasema habari zake peke yake.

Mama alikuwa anaitafuta chupa. Tulimwambia iko kazini, na kwa kiasi fulani haukuwa uongo.

Wifi akaandika yote yale kuwa sura ya tatu ya tasnifu yake. Siku aliyoitwa na Profesa kuizungumzia nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido na kreti yangu ya soda tupu. Mlango ulikuwa wazi na masikio ninayo.

"Mama, wewe ni mwanafunzi mzuri," Profesa akaanza. Mtu akikuanza hivyo jiandae.

"Asante, Profesa."

"Toa sura ya tatu. Zilizobaki zinatosha. Naweka sahihi leo, kwenye mahafali yajayo unavaa joho."

"Kosa la sura ya tatu ni lipi?"

"Inasema maisha yangu yote nimekuwa nikipima barafu."

"Inasema hivyo, Profesa. Lakini kosa lake ni lipi?"

Nikasikia kiti kinasogezwa. "Umetumia chupa ya chai. Ndani yake hakuna mwanga, hewa ni kidogo, na wanatikiswa njia nzima. Utajuaje kama si giza lililoizima hiyo jeni?"

"Kwenye sanduku la barafu nako ni giza. Nako kumefungwa. Nako wanatikiswa, na gari ni lile lile. Tofauti iliyobaki ni moja tu. Na wale wa ukingoni, waliotiwa dawa kabla ya safari, wanakubaliana na wa chupa."

"Nimeanza kazi hii hujajua kusoma. Leo unaniita mwongo?"

"Siwezi kukuita mwongo. Ulichokipima ulikipima sawasawa. Uliwauliza kuhusu chumvi, wao wakakujibu kuhusu baridi, kwa sababu baridi ndiyo iliyowafika mwisho."

Nilitamani kupiga vigelegele. Nikaing'ata midomo yangu.

"Basi sahihi yangu hutaipata," Profesa akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Niwaeleze maana ya hilo. Pale chuoni mwanafunzi anaruhusiwa kwenda mbele ya watahini bila msimamizi wake kumuunga mkono, ila anakwenda kwa hatari yake mwenyewe. Akikataliwa, basi, hakuna kurudia, masomo yamekufa. Wifi alikuwa ameacha ualimu kwa ajili ya shahada ile. Nafasi yake shuleni ilishachukuliwa na mtu mwingine. Alikuwa na njia mbili: kuitoa sura na kuvaa joho, au kuibeba na pengine kurudi nyumbani mikono mitupu, mtaa ule ule uliocheka ukimngoja kibarazani.

Nyumbani kukawaka moto. Mama alikuwa ameshashona gauni la mahafali, la kijani, na ameshawaalika dada zake. Kwa mara ya kwanza hata kaka alivua ngao, akasema kwa upole kwamba mkewe ameonyesha uwezo wake, kila mtu ameona, sasa apunguze. Mama akamshika mkono.

"Sura moja tu, mwanangu. Kwani ukiitoa utapungukiwa nini? Ukishapata cheti utaiandika tena."

"Hapana, mama."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akimwambia mama yetu hapana, tena bila kuinua sauti. Hata watoto waliacha kula.

"Nikiitoa," wifi akasema, "atakayekuja baada yangu ataanzia kwenye barafu. Na atakayemfuata vilevile. Na mimi nitakuwa nimekaa hapa na cheti ukutani, nikijua. Siwezi, mama. Nisamehe, lakini siwezi."

Mama aliuachia mkono wake akaenda kukunja gauni.

Baadaye nilimkuta wifi peke yake kwenye karo la vyombo, machozi yanamtiririka na maji ya bomba yanakwenda bure. Nikalifunga bomba.

"Naogopa, wifi," akasema.

"Basi itoe."

"Nimesema naogopa. Sijasema nataka kuitoa."

Nilimpenda sana wakati ule, na ninasema wazi. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha sahani, na tukamaliza vyombo vyote bila kugombana, jambo ambalo ni nadra.

Wiki iliyofuata napeleka soda kantini ya mabwawani, namwona Profesa. Yuko peke yake ukingoni, suruali ameikunja mpaka magotini, viatu ameviweka pembeni na soksi ndani yake. Alikuwa na ndoo, sanduku la barafu, vichupa vya dawa, na chupa ya chai ya plastiki yenye maua, ya kwake. Nikajua kabisa amekuja kutafuta cha kumzikia wifi yangu. Nikaacha kreti chini, nikamfuata.

"Shikamoo, Profesa. Unatafuta nini huku?"

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Natafuta kosa."

"La nani?"

Aliifunga ile chupa yenye maua, akaikaza, akaijaribu tena kama imekaza. "Hilo ndilo ninalolitafuta," akasema.

Nilimweleza wifi neno kwa neno. Akasema ni haki yake, kila mtu ana haki ya kwenda bwawani. Nikamwambia asijitie uungwana, mzee yule anakuja kumlipua mbele ya watu. Akasema kama ana kitu cha kumlipulia, basi ni bora ajue. Lakini niliona usiku na mchana anavyozikagua namba zake, na jinsi anavyosahau chakula mbele yake. Siku zikapita, Profesa hakumwita, hakumtumia ujumbe, hakusema alichopata. Na wifi, huo ni ukaidi wake, hakwenda kumuuliza.

Siku ya utetezi wa tasnifu tulikwenda wote. Inaruhusiwa, watu hukaa nyuma. Chumba kilikuwa na meza ndefu, pazia lisilofunga vizuri, na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Mbele walikaa watahini watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyetoka chuo kingine. Profesa alikaa pembeni, si mezani, kwa kuwa hakuwa ameweka sahihi. Mama yetu alikuja na uso wa kufiwa. Mfuko wa nailoni alioupakata ulikuwa na gauni la kijani. Sijui kwa nini alilibeba, na sikuthubutu kumuuliza.

Wifi alisimama. Alianza kwa haraka, akatulia alipofika kwenye vijidudu wenyewe. Alieleza wanavyobanwa wasiwe na pa kukimbilia, wanavyoamua cha kuzima na cha kuwasha, na jinsi ukiwachota unavyokuwa umewabana upya bila kujua. Hakumtaja Profesa kwa ubaya hata mara moja. Lakini sura ya tatu aliisoma yote, hakuruka hata mstari.

Watahini walimshikilia. Kijana wa kushoto alimuuliza habari za hewa, akajibu. Wa kulia aliuliza kama chupa iliwahi kutumika kwa chai, na watu wakacheka. Wifi akasema ndiyo, na kwamba ndiyo sababu aliisuuza kwa maji ya bwawa na kupima pia fungu lililokaa kwenye chupa mpya. Halafu yule mama mwenye miwani akafunga kitabu cha tasnifu na kuweka mkono juu yake.

"Unachosema ni kizito," akasema. "Unapindua kazi ambayo wengi tumeitegemea, mimi nikiwemo. Vipimo hivi vimefanywa na mtu mmoja, kwa mkono mmoja. Kuna mwingine yeyote, asiye na faida kwako, aliyewahi kuvirudia?"

Wifi akafungua mdomo. Angeweza kusema kwamba Profesa alionekana bwawani. Nilimwomba kimoyomoyo aseme. Hakusema, kwa sababu hakujua Profesa alipata nini, na yeye hasemi asichokijua.

"Hapana, mheshimiwa," akajibu. "Hakuna ninayeweza kumtaja. Lakini bwawa lipo. Yeyote akaende. Nikikataliwa leo, sura hiyo ndivyo ilivyo na kesho itakuwa vilevile."

Feni ikalalamika. Mama yangu akaukumbatia mfuko wake. Yule mtahini akashika kalamu.

"Mimi," mtu akasema.

Watu waligeuka. Profesa alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti.

"Nimevirudia mimi. Nilikwenda kumtafutia kosa. Nilichota mwenyewe, nikapima mwenyewe, sikumshirikisha mtu." Akakishika kiti kwa mikono yote miwili. "Yangu yametoka kama yake. Mara zote."

Akakaa. Hakumwangalia wifi. Alikuwa anaitazama mikono yake, na niliona mzee amezeeka kuliko alivyoingia.

Sikumpigia makofi. Alikaa na jibu hilo siku zote zile, akimwacha mwanamke wa watu ateketee, na hilo sijamsamehe bado. Lakini wifi aliondoka pale mbele, akapita kati ya viti, akaenda kuinama mbele yake na kusema asante. Hapo ndipo alipolia, yeye na siyo Profesa, ingawa Profesa naye hakuwa mbali. Mimi nililia kwa hasira. Kaka alilia tu, hana sababu.

Watahini walitoka, wakarudi, wakasema amefaulu, na kwamba sura ya tatu isiguswe.

Kabla ya kuondoka tulipanda ghorofa ya pili kuchukua vitu vyake. Mlango wa maabara ulikuwa mweupe pale palipokuwa na tangazo, gundi tu imebaki. Ndani, kwenye rafu ya juu ya sinki, palikuwa na ile chupa ndefu ya chuma. Mtu ameizungushia karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene, kwa mwandiko ule ule niliouzoea mlangoni: SI YA CHAI.

Mama aliiona. Alisimama mbele yake muda mrefu, mfuko wa gauni mkononi, akiitambua.

"Kazini mlikosema iko ndiko huku?"

Kaka akatafuta ngao ambayo hakuwa nayo.

"Haya, nimeelewa," mama akasema, akinyoosha mkono. "Yameisha. Sasa nirudishieni chupa yangu."

Wifi alikuwa ameshalivaa koti lake kutoka msumarini, na bado anafuta machozi. Akajipenyeza katikati ya mama na rafu, akaegemea sinki, na kwa mara ya pili katika maisha yetu nikamsikia.

"Hapana, mama."

Mama alimkazia macho. Halafu akafungua ule mfuko wa nailoni, akatoa gauni la kijani, akalikung'uta mikunjo na kumpima nalo mabegani pale pale, juu ya koti jeupe lenye madoa.